Maswali na Majibu: Mwanafunzi wa Uuguzi wa Wanyama Anapoingia Kliniki

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa uuguzi wa wanyama walio katika mafunzo kwa vitendo, na moja imetoka kwa muuguzi anayewasimamia. Nimezifupisha na kuondoa kila kinachoweza kumtambulisha mwandishi au kliniki yake. Pale ambapo jambo linagusa uhai wa mnyama au moyo wa mwanafunzi nimejibu kwa urefu, na pale ambapo jibu ni moja tu nimelitoa na kuendelea.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Niko mwaka wa pili na huu ni mwezi wa tatu tangu nianze mafunzo kliniki. Kazi yangu imekuwa kuosha vizimba, kufua mablanketi na kupokea simu. Daftari langu la mafunzo lina ukurasa wa kuweka kanula (mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa sindano), ukurasa wa kumfuatilia mnyama aliye kwenye dawa ya usingizi na ukurasa wa kufunga bandeji, na kurasa zote hizo hazijaandikwa hata neno moja. Nikiomba kufanya, naambiwa nisubiri, leo kuna haraka. Je, ninyamaze hadi muda wangu uishe, au nilalamike?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyamaze, wala usianze kwa kulalamika. Anza kwa kuomba, na uombe kwa namna ambayo hata mtu mwenye haraka ataona ni rahisi kukukubalia.

Kabla ya hapo niseme wazi kwamba hutendewi haki. Mwanafunzi hupelekwa kliniki ili ajifunze, na kinachomtenganisha na kibarua asiyelipwa ni kuwepo kwa mtu anayeitazama mikono yake inapofanya kazi, kisha akamweleza alichokiona. Pasipo mtu huyo, mwanafunzi anaweza kushinda kliniki kutwa kwa miezi 6 na akatoka na uchovu tu. Hasara hiyo haimwishii yeye peke yake, kwa sababu siku atakapoajiriwa atamshika mnyama ambaye hawezi kumwambia kwamba bandeji imembana au kwamba sindano imetoka nje ya mshipa.

Hata hivyo, nisingependa uvichukie vizimba. Anayesafisha kizimba asubuhi ndiye wa kwanza kujua kwamba paka hakukojoa usiku kucha, na kwa paka dume hiyo inaweza kuwa dalili ya njia ya mkojo kuziba, hali ambayo ikiachwa humuua katika muda wa siku chache. Ndiye anayeona kwamba chakula hakijaguswa, kwamba blanketi limelowa upande wa kidonda, kwamba kinyesi kina damu. Usafi wenyewe nao una elimu yake. Virusi vya parvo vya mbwa huweza kubaki hai katika mazingira kwa miezi mingi, na dawa nyingi tunazopendelea kwa sababu zinanukia vizuri haziviui. Dawa yenye klorini huviua, mradi imechanganywa kwa kipimo sahihi, imeachwa juu ya sakafu kwa takriban dakika 10, na kinyesi kimeondolewa kwanza, kwa maana uchafu huipunguzia nguvu. Ndiyo sababu tunaanza na vizimba vya wanyama wasio na maambukizi na kumalizia na chumba cha wanaotengwa, wala haturudi nyuma na ndoo ile ile. Ikiwa hakuna aliyekueleza haya, basi hata usafi hujafundishwa. Umetumwa tu kuufanya. Kila asubuhi andika ulichokiona katika kila kizimba na umpelekee muuguzi wa zamu kabla daktari hajaanza kuzungukia wagonjwa. Nimeona wanafunzi wawili watatu ambao mlango uliwafungukia kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu maelezo yao yalianza kutegemewa.

Sasa tuje kwenye kuomba. Asubuhi yenye foleni, ombi la “naomba kujifunza” halina pa kushikwa, hivyo litajibiwa kwa “subiri”. Ngoja jioni kazi zinapopungua, uwe umetazama ratiba ya kesho, kisha useme jambo moja lenye mwanzo na mwisho: “Sista, kesho asubuhi kuna mbwa jike wa kutolewa kizazi. Naomba nimshike wakati unapomwekea kanula, na mbwa wa keshokutwa nijaribu mwenyewe ukiwa pembeni yangu.” Usidharau nafasi ya kushika. Mshikaji ndiye anayeukumbatia mguu wa mbele kwenye kiwiko, akaukandamiza mshipa kwa kidole gumba na kuuzungusha kidogo kuelekea nje ili usimame wima na usiteleze. Akishika vibaya, hata fundi hukosa. Ukiwa hapo, uso wako uko karibu na sindano kuliko wa mtu mwingine yeyote: utaona damu ikichungulia kwenye kichwa cha kanula, utaona kwamba mwenye kuchoma hasimami hapo hapo bali husogea mbele kidogo zaidi ili ncha ya plastiki nayo iingie ndani ya mshipa, na ndipo huisukuma kanula huku sindano ikibaki palepale. Wengi wanaoshindwa mara ya kwanza hushindwa hapo. Wameona damu, wakafurahi, wakaisukuma kanula ilhali plastiki bado iko nje.

Ukiomba hivyo mara tatu kwa siku tofauti bila kupata nafasi, peleka daftari lako kwa mratibu wa mafunzo wa chuo chako. Huko si kuchongea. Kurasa tupu ni taarifa ambayo chuo kinapaswa kuipata mapema, muda wa kurekebisha au wa kukuhamisha ungalipo, wala kisishtukizwe nayo siku ya mtihani.

SWALI: Mwalimu, nakuandikia nikiwa nyumbani kwa siku ya tatu, sijarudi kliniki. Nilipewa kazi ya kuikagua mashine ya dawa ya usingizi kabla ya upasuaji. Nilifunga vali ya kutolea hewa, nikaziba mwisho wa mrija kwa kidole gumba, nikajaza mfuko oksijeni, nikaona hauvuji, nikaondoa kidole. Vali nikaisahau ikiwa imefungwa. Mbwa alipounganishwa, mfuko ulivimba kama puto na kifua chake kikawa hakishuki. Muuguzi aliyekuwa akipita aliona, akaifungua, na mbwa akapona. Lakini msimamizi wangu alinifokea mbele ya watu wote kwamba watu kama mimi ndio wanaoua wanyama. Sijui kama nafaa kwa kazi hii.

JIBU: Mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba umeeleza kosa lako hatua kwa hatua, bila kumsingizia mtu na bila kuficha. Kwa tabia hiyo unafaa kwa kazi hii.

Tuliangalie tukio lenyewe bila kulipunguzia uzito. Vali ikifungwa, hewa inayoingia kutoka kwenye mashine haina pa kutokea. Shinikizo hupanda ndani ya mapafu, kifua hujaa, na mishipa mikubwa inayorudisha damu kwenye moyo hubanwa, hivyo moyo hukosa damu ya kusukuma. Mapafu yanaweza kupasuka. Mnyama anaweza kufa katika muda wa dakika chache, na kadiri alivyo mdogo ndivyo muda unavyokuwa mfupi zaidi. Kosa lako lilikuwa kubwa, na si wewe wa kwanza kulifanya: wauguzi wenye miaka mingi kazini wamelifanya, ndiyo maana watengenezaji wa vifaa wamebuni vali za kubana kwa kitufe, ambazo hufunguka zenyewe mara mkono unapokiachia.

Turudi sasa kwenye kidole chako gumba, kwa sababu kosa lilianzia hapo, dakika kadhaa kabla mbwa hajaunganishwa. Ulipomaliza kupima uvujaji uliondoa kidole kwenye mrija, mfuko ukanywea, na macho yako yakakuambia kwamba kazi imekwisha. Siku nyingine usikiondoe kidole. Funga vali, ziba mrija, jaza mfuko hadi mshale wa kipimo cha shinikizo ufike kati ya sentimita 20 na 30 za maji, hesabu polepole hadi 10 ukitazama kama mshale unashuka, kisha, kidole kikiwa bado kimeziba, fungua vali na uuache mfuko unywee kwa njia hiyo. Ukifanya hivyo kila mara, huwezi kumaliza ukaguzi vali ikiwa imefungwa, maana kule kuifungua ndiko kunakoumaliza ukaguzi. Mkono ukishajifunza mpangilio huo, hautegemei tena kumbukumbu ya kichwa kilichochoka.

Lakini kuna kosa la pili, ambalo si lako. Mashine iliyokaguliwa na mwanafunzi peke yake ilitumika kwa mnyama bila mtu mwingine kuitazama. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya kusomwa kwa sauti katika vyumba vya upasuaji vya binadamu. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8 ya mabara mbalimbali, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale walikuwa wataalamu, na bado karatasi iliwasaidia. Kliniki inayomwachia mwanafunzi mashine ya usingizi bila orodha na bila jicho la pili haina haki ya kushangaa siku jambo kama hili linapotokea.

Kuhusu kufokewa, nitasema ninavyoamini. Msimamizi wako alishikwa na hofu, na mtu mwenye hofu huweza kupaza sauti ili akomeshe hatari, hilo nalielewa. Kukuambia mbele ya watu kwamba wewe ni muuaji, hatari ikiwa imekwisha pita, ni jambo jingine kabisa na halikuwa sahihi. Madhara yake hayaishii kwako, kwani wanafunzi wengine waliokuwa chumbani wamejifunza siku hiyo kwamba ukikosea ufiche, na mwanafunzi anayeficha ni hatari kubwa kuliko vali iliyofungwa.

Rudi kesho. Usisubiri moyo utulie kwanza, maana kila siku unayokaa nyumbani inaufanya mlango wa kliniki uonekane mzito zaidi. Mwombe msimamizi dakika 5 faraghani, umweleze kilichotokea kama ulivyonieleza mimi, umwonyeshe namna utakavyopima uvujaji kuanzia sasa, kisha umwombe kwamba kila unapokagua mashine mtu mwingine aiguse vali kabla mnyama hajaunganishwa. Tukio liandike katika daftari lako na katika kitabu cha matukio cha kliniki. Kama hakuna kitabu cha namna hiyo, uliza kwa heshima kama kinaweza kuanzishwa.

Nina ombi moja zaidi kwako. Ukirudi, jitolee kukaa na wanyama wanaoamka. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004, uliohusisha mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000, ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya mbwa vilivyotokana na dawa ya usingizi, na zaidi ya nusu ya vile vya paka, vilitokea baada ya upasuaji kwisha, na vingi kati ya hivyo vilitokea ndani ya saa 3 za kwanza. Ni wakati ambao daktari amekwenda kunawa, muuguzi anasafisha vifaa, na mnyama amelazwa kizimbani akisubiri kuzinduka mwenyewe. Kaa naye. Mtazame kama anameza ndipo mrija wa hewa utolewe, bonyeza fizi na uone kama rangi inarudi kabla ya sekunde 2, pima joto lake na umfunike, andika kila dakika 5. Hakuna atakayekukataza, na ni mahali ambapo jicho la mwanafunzi aliyetulia linaweza kuokoa uhai.

SWALI: Paka aliniuma kwenye kiungo cha kidole jana mchana. Ni vitundu viwili tu na damu haikutoka sana. Wenzangu wanasema ni ubatizo wa kazi, nisijali. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ukiwa unasoma haya bila kuwa umeonana na daktari wa binadamu, nenda leo. Jino la paka ni jembamba na refu; tundu huziba juu na kuacha bakteria ndani, mara nyingi wale wa Pasteurella ambao huishi vinywani mwa paka wengi, na kwenye kiungo maambukizi huweza kukomaa katika saa 24 au hata chini yake. Mtu anayeumwa anapaswa kuosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, na kule aeleze historia ya mnyama huyo ili uamuzi ufanyike kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hakika mwanafunzi alipaswa kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo kabla hajamgusa mnyama wa kwanza. Uliza chuo chako kuhusu hilo, na utake tukio liandikwe.

SWALI: Shikamoo. Kliniki niliyopo, kila mnyama anapopigwa picha ya eksirei mimi ndiye ninayeitwa kumshika kwa mikono. Wakubwa wanasema wao wameshapata mionzi ya kutosha, sasa ni zamu yetu wanafunzi. Aproni ipo moja. Nifanyeje bila kuonekana mkaidi?

JIBU: Marahaba. Mionzi haigawanywi kwa zamu. Kanuni ya kinga ni kwamba mnyama ashikwe kwa mikono pale tu ambapo hali yake hairuhusu njia nyingine yoyote. Katika siku za kawaida hupewa dawa ya kumtuliza, akapangwa kwa mifuko ya mchanga, sponji na kamba, na watu wote wakatoka chumbani au wakasimama nyuma ya kinga. Umbali wenyewe ni dawa: ukisogea mara mbili ya pale ulipokuwa umesimama, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Aproni yenye madini ya risasi huzuia mionzi inayotawanyika tu, haikulindi ukiweka mkono ndani ya mwali wenyewe, na hilo linahusu hata glavu za risasi. Mwanafunzi mjamzito, au aliye chini ya miaka 18, asishike kabisa.

Ili usionekane mkaidi, njoo na kazi badala ya kuja na katazo. Sema: “Naomba leo nijifunze kumpanga kwa mifuko ya mchanga.” Kumpanga mnyama hadi picha itoke vizuri bila mkono wa mtu ni ufundi halisi wa muuguzi, na ukiumudu utaombwa ukaufanye. Omba pia kipima mionzi cha kuvaa chenye jina lako. Wakikataa yote mawili, ijulishe shule siku hiyo hiyo. Katika jambo hili sioni sababu ya kuomba mara tatu.

SWALI: Mwalimu, wiki iliyopita nilimshika mbwa mzee akachomwa sindano ya kumpumzisha. Sikuwa nimeambiwa kwamba ndiyo kazi niliyoitiwa. Baada ya kufa alivuta pumzi kwa nguvu mara mbili na macho yakabaki wazi, mwenye mbwa akapiga kelele kwamba bado yu hai, nami nikasimama kama gogo. Nilitoka nikalia chooni. Muuguzi mmoja aliniambia nitazoea. Je, ni kweli nitazoea?

JIBU: Pole sana, mwanangu. Mtu aliyekuita chumbani bila kukuambia unachokwenda kushiriki alikukosea, na alimkosea mwenye mbwa vilevile, kwa maana mtu wa kumtuliza pale alipaswa kuwa wewe, nawe hukuandaliwa.

Nikueleze ulichokiona. Dawa inayotumiwa zaidi ni ya jamii ya babitureti, pentobabitali. Ikiingia kwenye mshipa, mnyama hupoteza fahamu katika muda wa sekunde. Baada ya hapo upumuaji husimama, kisha moyo. Fahamu huondoka kwanza, kabla ya yote hayo. Baadaye misuli ya kifua inaweza kujikaza na kuvuta hewa kama ulivyoona, ngozi inaweza kutetemeka, mkojo unaweza kutoka, na macho kwa kawaida hubaki wazi. Mbwa yule hakuwa akisikia maumivu wala hakuwa akihangaika kurudi. Alikwisha ondoka. Daktari huthibitisha kwa kusikiliza moyo kwa muda wa kutosha, na hata mshikaji anaruhusiwa kuomba asikilize naye.

Mambo haya huelezwa mwenye mnyama kabla ya sindano, kwa sauti ya chini na kwa maneno mepesi: “Macho yake hayatafumba. Anaweza kuvuta pumzi baada ya kuondoka. Huo ni mwili tu.” Jifunze kuyasema. Safari nyingine ukiitwa, uliza mlangoni: “Ni ya nini?” Ukiona huwezi siku hiyo, sema huwezi. Ukiingia, kazi ya mikono yako ni kukitegemeza kichwa ili kisianguke pale mwili unapolegea, maana sauti ya kichwa kugonga meza mwenye mbwa hataisahau. Baadaye usaidie kumfuta na kumfunika. Mimi binafsi huwa nalitaja jina la mnyama wakati wa kumfunika, na sijawahi kuona kwamba inanipotezea muda.

Ama kuhusu kuzoea, ukweli ni kwamba mkono utatulia. Utajua pa kusimama na la kusema, na woga wa kutokujua utaisha. Huzuni itakujia siku moja na isikujie siku nyingine, wala kulia kwako si kasoro inayohitaji kutibiwa. Ninachokuomba ukichunge ni kitu tofauti: kukosa usingizi wiki baada ya wiki, kuamka ukiiogopa kliniki, au kugundua kwamba hujali tena mnyama aliyeko mbele yako. Ukifika hapo, zungumza na msimamizi, mshauri wa chuo au daktari. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba vifo vya kujiua miongoni mwa madaktari wa wanyama ni vingi kuliko katika jamii kwa jumla, na sisi tunaofanya kazi mezani pamoja nao tunabeba mizigo ile ile. Kwa hiyo mtu yeyote anayesoma hapa na kuona kwamba mawazo ya kutotaka kuishi yanamjia, amweleze mtu aliye karibu naye leo hii na atafute msaada wa daktari bila kungoja mafunzo yaishe.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mimi ni muuguzi wa wanyama na naletewa wanafunzi 3 kwa pamoja. Kazi zangu hazipunguzwi hata kidogo. Nasoma lawama za wanafunzi katika safu hii na naumia, kwa sababu sikatai kufundisha. Muda ndio sina. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, nashukuru umeandika. Majibu yangu hapo juu yamewaegemea wanafunzi, na wewe unanikumbusha kwamba mara nyingi anayewanyima nafasi naye amenyimwa.

Kuna mbinu iliyoandikwa mwaka 1992 na madaktari wa familia nchini Marekani kwa ajili ya watu walio katika hali kama yako, nami naitumia kila siku. Ina hatua 5 zinazotosha ndani ya dakika chache, mbele ya mgonjwa yule yule ambaye ungemhudumia kwa vyovyote vile. Chukua mfano wa paka wa kilo 4.6 anayehitaji dawa ya maumivu. Kipimo ni miligramu 0.2 kwa kila kilo, na chupa ina miligramu 5 katika kila mililita. Kwanza mwache mwanafunzi atoe jibu lake mwenyewe: utavuta kiasi gani? Anasema mililita 1.8. Usimsahihishe bado, muulize amefikaje hapo. Akikuonyesha kwamba 4.6 mara 0.2 ni miligramu 0.92, kisha amegawanya kwa 5 na nukta ikamponyoka, umeshajua ugonjwa wake uko wapi: hesabu anaijua, nukta ndiyo iliyomtoroka. Hapo mpe kanuni moja anayoweza kuibeba kwa mgonjwa mwingine, kwamba kabla ya kuvuta dawa ajiulize kama kiasi hicho kinaingia akilini, maana miligramu 0.92 ni pungufu ya miligramu 5 zilizomo ndani ya mililita moja, hivyo jibu haliwezi kuzidi mililita moja. Mwambie alichofanya vizuri, yaani kumpima paka uzito upya badala ya kuuamini uzito ulioandikwa kwenye faili. Mwisho mweleze kosa kwa jina lake: angempa dawa mara 10 ya kipimo, jibu sahihi ni mililita 0.18. Yote hayo yamekwisha kabla bomba la sindano halijafunguliwa, na wale wengine wawili wamesikia.

Mbinu hii haitoshi kwa wanafunzi 3 kila siku, na sitaki uongozi wa kliniki yako uichukue kama kisingizio. Gawanya siku: mmoja awe nawe bega kwa bega, wa pili awe na wanyama wanaoamka, wa tatu awe kwenye vizimba akiandika anachokiona, kisha mbadilishane kila siku, na kila mmoja ajue zamu yake ya kuwa nawe ni lini ili aache kukufuata korido nzima akiomba. Kisha mwandikie mkuu wa kliniki, nakala iende chuoni, umweleze ni saa ngapi kwa wiki unazihitaji zikiwa zimetengwa kwa ajili ya kuwatazama wanafunzi wakifanya kazi na kutia saini madaftari yao, na ni wanafunzi wangapi unaoweza kuwabeba kwa saa hizo. Taja namba. Iandike wiki hii, kabla kundi linalofuata halijapangiwa kliniki.